Kivuli cha Gulio la Ilongero

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sote wazima, na alizeti zimechanua.

Wewe unayesomea kupanga bustani za mji umeniuliza kwa nini gulio letu halina mti. Ni mimi, mjukuu wangu. Ujanani nilisimamia usafi pale. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na kwetu uwanja safi ni ule uliofagiliwa ukabaki udongo mtupu. Migunga ilidondosha majani kila siku, nikaikata yote. Miche tuliyopanda baadaye ililiwa na mbuzi.

Siku ya gulio, mama yangu alikuja na mtama wake, akatandika gunia palepale alipozoea, akajifunika khanga kichwani. Nilipompelekea maji, alisema tu, "Pamekuwa safi, mwanangu."

Babu yako