Blauzi ya Mteja

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, cherehani nzima, jirani yangu fundi viatu mzima na mdomo wake. Habari za afya yako, za shemeji na za watoto? Kovu limekaaje? Mkono unaunyanyua sasa, au bado unachana nywele kwa mkono mmoja?

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Unasema mwezi ujao unarudi hospitali kujengwa titi. Kujengwa kwa shauri la nani? Mwaka jana walilitoa, wakasema limetoka na ugonjwa wake, tukashukuru. Sasa wanatafuta nini tena kwenye kifua chako? Mimi nashona nguo za watu miaka mingi, najua mteja akiambiwa "tuongeze kitu kidogo tu hapa" kinachofuata ni nini. Najua kwa sababu anayemwambia ni mimi.

Na shemeji simwamini kwenye hili. Sema kweli, ndiye aliyetaka? Kama ni yeye, mwambie aanze kujengwa kipara chake.

Nieleze yote tangu mwanzo, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Simu usipige. Kwenye simu unachekacheka, na mtu akicheka hivyo sijui anaficha nini. Andika.

Dada yako

14 Februari

Dada yangu Mlingoti,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakusalimu, shemeji yako naye anakusalimu kwa kipara chake. Mkono unafika rafu ya pili ya kabati. Ya tatu bado. Wewe je, mgongo umepona?

Umenihoji kuliko mawakili wetu. Nimekuwa karani wa mahakama muda mrefu, kutwa naandika maneno ya mashahidi, kwa hiyo sioni vibaya kuhojiwa.

Shemeji yako nilimshuku kabla yako. Nilipomwuliza kama nijengwe alisema "vyovyote utakavyo", tena upesi mno. Nikamwuliza wakati anakula, nikamwuliza wakati ananyoa ndevu. Jibu lile lile, neno kwa neno, na shahidi wa namna hiyo huwa amekariri. Nikamwambia hivyo. Akaweka wembe chini, akasema, "Nikisema nataka, utafikiri sikupendi ulivyo. Nikisema sitaki, utafikiri nimeacha kukutazama." Nimemwachia, ila kwa dhamana.

Anayetaka ni mimi. Mwezi uliopita nilisimama nisome mashtaka kwa sauti. Lile sponji ninaloweka kwenye sidiria likateremka, likakaa tumboni. Hakuna aliyecheka. Mshtakiwa mwenyewe, mtu wa kesi ya wizi wa mabati, akageuza uso ili nisione aibu. Kuonewa huruma na mtu anayekwenda jela, Dada, hilo lilinishinda.

Daktari wa upasuaji ni mtu mpole, nami watu wapole siwaamini, kwa hiyo alinieleza mara tatu. Naweza kuacha ilivyo. Naweza kutolewa nyama ya tumbo ikapandishwa kifuani; alinitazama tumbo akasema ipo ya kutosha, sikumshukuru. Au wanaweka kifuko kitupu chini ya msuli wa kifua, halafu kidogo kidogo wanakijaza maji ya chumvi kwa sindano mpaka ngozi itanuke. Mimi sikupigwa mionzi, kwa hiyo ngozi bado inavutika. Baada ya miezi wanafungua tena, wanakitoa, wanaweka cha kudumu. Chuchu ni mwisho kabisa, na wengine huchorewa kwa wino tu. Alisema waziwazi kwamba halitakuwa titi lile, na kwamba halitahisi kitu.

Nimechagua kifuko.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mgongo umepona. Watoto wabusu.

Nimekubali kwamba ni wewe unayetaka. Daktari bado sijamkubali. Mtu anayekueleza mara tatu bila kuchoka ana lake jambo. Akikupa karatasi ya kuweka sahihi, soma mpaka chini.

Ila nikuambie kitu cha kukutuliza. Nimepima vifua vya wanawake tangu ujana wangu, na sijakuta matiti mawili yaliyolingana. Huwa nawashonea waonekane yanalingana, wao hawajui, na siwaambii. Kwa hiyo wakikupa lisilofanana na mwenzake, usilie. Umeingia kundi la wengi.

Halafu kuna mteja wangu mmoja, naye anataka kujua mambo haya. Anauliza: ukiamka, maumivu yake ni ya namna gani? Unalala vipi? Unavaaje nguo? Ugonjwa ukirudi, hautajificha nyuma ya kifuko? Na mtu wa kazi za mikono, tuseme ya kukanyaga na kusukuma, anarudi kazini lini?

Mjibu vizuri, ni mwoga.

Dada yako

30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Usishtuke na mwandiko, ni wangu. Naandikia juu ya trei ya chai, na mkono wa kulia bado mzito. Najua ungefikiri nimeshakufa na shemeji yako anaendelea kukuandikia.

Nimetoka hospitali, naendelea vizuri. Mteja wako mwambie hivi. Ukiamka husikii kisu, unasikia uzito, kama mtu amekukalia kifuani na hana haraka. Unalala chali umeegemea mito. Chini ya kwapa inatoka mirija miwili myembamba ya kutolea maji na damu, na kila mmoja una chupa yake ndogo ya plastiki. Hizo chupa zilinitesa kuliko mshono. Huna pa kuziweka. Nilizibana kwa pini kwenye gauni la kulalia. Nikigeuka zinavuta, nikienda chooni zinaning'inia kiunoni. Shemeji yako alikuwa anazimwaga asubuhi na jioni huku anapiga mluzi. Nikamwuliza anafurahia nini. Akasema akiacha mluzi atatapika. Dhamana yake nimeiongeza muda.

Mirija imeshatolewa, ila daktari anasema huenda ikarudi kwenye upasuaji wa pili. Nguo ni ya kufunguka mbele tu, ya kuvalia kichwani usahau. Kuinua vitu vizito hapana, kwa wiki kadhaa. Mkono unaufanyisha mazoezi kila siku, unapandisha vidole ukutani polepole. Ugonjwa haujifichi nyuma ya kifuko, wataendelea kunipima.

Ambalo sikujiandaa nalo ni ganzi. Niliambiwa, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Nagusa, kidole kinajua, kifua hakijui. Nililia siku hiyo mpaka watoto wakaitana. Juzi wametia maji ya kwanza. Sindano sikuisikia, lakini jioni kifua kilikaza kama nimevaa sidiria ya binti yangu.

Sasa zamu yangu. Huyo mteja ni nani? Wewe hujawahi kujali habari za mteja zaidi ya kiuno chake.

Mdogo wako

12 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Pole sana, na hongera.

Mteja ni mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma, mnene, ana watoto wanne, mumewe dereva wa lori, alikuja na kitambaa cha bluu, siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Ameshahama. Kwa hiyo tumwache.

Ndani ya kifurushi hiki kuna blauzi. Inafunguka mbele yote. Kwa ndani nimetia mifuko ya kuweka zile chupa, usije ukajibana pini tena kama nguo zilizoanikwa. Utaivaa kwenye upasuaji wa pili. Ni pamba, nimeifua mara kadhaa kuondoa wanga.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimetiwa maji tena, kifua kinaanza kuwa na umbo, ingawa kiko juu mno, kama kimeitwa na mtu ghorofani.

Blauzi imefika. Nzuri. Nimeivaa, nikajitazama kwenye kioo, halafu nikakaa kitandani.

Nianze na mteja wako. Shahidi wa kweli anakumbuka kitu kimoja au viwili. Wewe umeniletea lori, kitambaa na mvua. Na huyo mwanamke mwenye watoto wanne na mume, kazi ya kukanyaga na kusukuma anaifanyia wapi? Katika watu ninaowajua, anayekanyaga cherehani na kusukuma kitambaa ni mmoja.

Sasa blauzi. Mifuko iko kushoto. Mimi nimepasuliwa kulia, na wewe unajua, maana mkono huo huo umeuulizia tangu mwaka jana. Mikono ya blauzi imenizidi mpaka vidole havionekani. Mkunjo wa kifuani umeshushwa chini, na wewe na mimi tunajua nani kati yetu alinyonyesha pacha. Dada, uliwahi kufumua gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi yake kwa sababu kifungo kimoja kilikuwa kimeshuka kidogo. Usiniambie umesahau kulia kwangu ni wapi.

Nilipiga simu. Fundi viatu akapokea, akasema, "Amesema niseme hayupo." Nyuma yake nikasikia cherehani ikisimama.

Mama alisema ni jipu. Wewe ndiye uliyemwosha, wewe ndiye uliyeona lilikofika. Mimi nilikuwa shule ya bweni, naletewa barua za "Mama anaendelea vizuri" mpaka siku ya kuitwa mazishini. Tangu hapo barua njema nazishuku.

Una kitu kwenye titi la kushoto? Jibu ndiyo au hapana.

Mdogo wako

20 Mei

Dada,

Hujajibu. Simu haipokelewi hata na fundi viatu.

Sijakasirika. Naogopa tu. Nimekueleza chupa, uzito, ganzi na sindano, lakini hayo yote niliyavumilia. Kilichonivunja kuliko vyote ni zile wiki nilizokuwa naujua ule uvimbe peke yangu, napika, naandika mashtaka, nacheka na watu, na mkono unarudi pale pale kila nikioga. Kama uko kwenye wiki hizo, toka. Toka leo.

Mwisho wa mwezi natiwa maji mengine. Nikiwa sijapata barua yako, napanda basi siku ya pili yake, kifuko na vyote.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta ukifika. Ndiyo.

La kushoto, upande wa kwapa, gumu kama kifungo cha koti. Nilikutana nalo siku chache kabla ya kukuandikia ile barua ya Februari. Nilikwenda hospitali, nikafika langoni, nikakumbuka nimeishiwa uzi mweupe, nikarudi. Uzi mweupe ninao kabati zima.

Nilikuwa nakuuliza habari za kujengwa kwa sababu za kukatwa sikuweza kuziuliza. Na kila barua yako niliisoma nikitafuta uongo. Nilitaka nikukamate mahali unanificha, daktari ni tapeli, shemeji amekulazimisha, chochote, nipate sababu ya kubaki hapa nikikanyaga cherehani yangu. Ukaniandikia mpaka habari za kulia kwako. Nikakosa pa kushika.

Blauzi nilikata mbili, kitambaa kimoja, siku moja, yako na yangu. Wakati wa kufunga kifurushi nikachukua iliyokuwa juu. Miaka yote hii sijawahi kumpa mteja nguo ya mwenzake. Barua yako ilipofika niliitoa ile nyingine kabatini, nikaijaribu, mikono ikaishia karibu na viwiko. Nikacheka. Halafu nikakaa sakafuni chini ya meza ya kukatia nikalia, kwa sauti, mpaka fundi viatu akaingia na nyundo akidhani nimevamiwa. Nikamwambia. Akaweka nyundo mezani. Alifunga duka lake, akanipeleka, akasimama pale langoni mpaka nilipoitwa ndani, kwa kuwa nilimsimulia habari ya uzi.

Walitoa nyama kwa sindano. Majibu yametoka juzi. Ni ule ule. Wanasema tumewahi kuliko Mama, tumewahi sana. Neno hilo bado sijaliamini, ila nakuandikia ili na wewe uwe nalo. Titi wanalitoa wiki ya pili ya Juni.

Daktari wangu ni mwanamke, mdogo wa umri, na yeye mpole, sijui wanawafundishia wapi. Aliniuliza kama nitataka kujengwa baadaye. Nikamwambia nina karani wangu, anakuja, atamwuliza maswali yote upya mbele yangu, nami nitakuwa namtazama usoni. Akasema sawa. Alisema upesi kidogo, utamchunguza.

Naogopa, mdogo wangu. Nilikuandikia kwamba mteja wangu ni mwoga, na hilo lilikuwa kweli.

Blauzi yako iko hapa, nimeipiga pasi. Hiyo ya kushoto usiitume, posta siiamini. Njoo nayo.

Dada yako