Vidonge Vyeupe vya Homa

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Hapa Kwaluguru hakuna mwenye bahati kunizidi: nimewapa dawa ndugu na majirani miaka yote, na mkono wangu haujamdhuru hata mmoja. Bibi yako mzima, ila mahindi yamekauka yote.

Unauliza kama umeze vidonge alivyobakiza mwenzako wa chumbani, maana foleni ya hospitali ni ndefu. Ngoja nikwambie habari za mdogo wangu Saidi, ambaye wewe hukumwona.

Ujanani dawa tulizijua kwa rangi tu. Zilizobaki tuliziweka kwenye kopo, na jirani akiugua anagawiwa. Saidi aliposhikwa na homa nikamletea vidonge vyeupe. Akavitazama, akasema, "Kaka, mbona kama vile vilivyoniwasha mwili mzima? Daktari wa Korogwe alinikataza, akaandika kwenye kadi."

Akanipa kadi nisome. Mimi na darasa langu la tatu nikaona aibu kusema mwandiko ule siuwezi. Nikamcheka. "Meza bwana, mwanaume mzima unaogopa kuwashwa?"

Akameza, kwa kuniheshimu.

Yaliyofuata sikuandikii. Tulimpeleka Korogwe akiwa hai, tukarudi naye kumzika.

Panga foleni, mjukuu wangu. Mwambie daktari kila dawa iliyowahi kukusumbua, na umuulize hii anayokupa ina madhara gani. Mimi huwachekesha watu kutwa nzima, lakini moyoni hamna furaha.

Na ile bahati niliyojisifia ni uongo. Saidi nilimuua mimi.

Babu yako