Mahudhurio ya Mringaringa

Shikamoo Mwalimu,

Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea. Miaka miwili uliingia kwenye intaneti kafe yetu saa nne asubuhi, mimi nyuma ya kaunta nakuamkia, wewe unaitikia huku unavua kofia kama mtu anayeingia kanisani. Ningeandika kwamba madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali, ungeicharaza wino mwekundu. Basi niseme ukweli. Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Nimechefukwa na mpwa wako Godlisten, nimechefukwa na wazee wa ukoo wako, na kuliko wote nimechefukwa na mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyewapa.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuja kusoma barua pepe ya mwanao, ukakuta vijana wanacheza ule mchezo wa kwenye mtandao, watu wa dunia nzima wamo ndani, kila mmoja na mhusika wake. Ulikuwa umestaafu mwezi uleule, miaka thelathini na ushee ya chaki kule Nduruma, hujui ufanye nini na asubuhi zako. Ukavuta kiti. Mchezo ukakuuliza unataka kuwa nani: mpiganaji, mwizi, mponyaji au mchawi. Mzee mzima wa kanisa, ukachagua mchawi! "Naomi, mchungaji asisikie," ukaniambia, ukacheka mpaka miwani ikashuka puani. Ukamwita Mringaringa, kwa ajili ya ule mti uliokuwa nje ya darasa lako. Herufi kumi na moja, ukazitafuta kwa kidole kimoja. "Hii G wameificha wapi?" Nilikaa na wewe robo saa kwa jina tu.

Vijana walikushangaa. Mchawi wa mchezo ule ni dhaifu, hana ngao, ana joho na fimbo basi. Anasimama nyuma ya wenzake, anaanza kunuiza, na nuizo kubwa halikamiliki upesi. Akiguswa kabla hajamaliza, linakatika, anaanza upya. Wewe ulimpenda kwa sababu hiyohiyo. Ulisema ni ualimu mtupu: unasimama, unangoja, unaomba walio mbele wasikukimbie.

Na kabla ya kila vita uliita mahudhurio. Wenzako watano, watu ambao hukuwahi kuona sura zao, uliwaita mmoja mmoja kwa Kiingereza chako cha darasani, na hukuanza kunuiza mpaka wote wamejibu kwamba wapo. Mwanzoni walikucheka. Baadaye wakawa hawaendi popote bila kuitwa. Mmoja wao, yule nesi wa Norwei, ukamfundisha kuandika shikamoo, akawa anaiandika kila akikuona. Uliniita nije nione. Ulifurahi kama umepata cheti.

Ulipofariki tulikusindikiza mpaka Machame, ukalazwa mgombani kwa baba yako. Siku ya kuanua matanga nikarudi huko na vitu vyako ulivyoacha kwangu: miwani ya kusomea, sweta, na kile kikaratasi cha neno la siri la mchezo nilichokutunzia kwenye droo kwa vile ulikuwa unasahau. Kwetu Meru na kwenu Machame jambo hili ni moja. Mwenye kitu cha marehemu anakileta mbele ya ukoo siku hiyo, asije akasemwa. Mama amenilea hivyo. Basi nikakiweka kikaratasi mezani pamoja na makoti na viatu vyako.

Mwenyekiti wa kikao akakishika kwa ncha za vidole. "Binti, na hiki ni cha nini?" Nikaeleza, tena kwa adabu, mikono nyuma. Wakanong'onezana Kichaga. Kisha akasema, "Haya, apewe Godlisten, ndiye anayejua mambo ya kompyuta." Koti la kijivu kwa mdogo wako, viatu kwa shemeji yako, na wewe kwa Godlisten. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, Mwalimu. Ningekitafuna kile kikaratasi na chai yangu, nani angejua?

Wiki iliyofuata akaja. Akakaa kwenye kiti chako, cha tatu kutoka dirishani, chipsi mayai mkononi, vidole vinateleza kwa mafuta juu ya kibodi uliyokuwa unaipangusa na leso. Akafungua, na wewe ukatokea na joho lako.

Hajui kusimama nyuma. Hajui kungoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule msitu wa wageni, ambako watu wanaanza mchezo na kijiti tu mkononi, akawachoma moto mmoja baada ya mwingine. Wengine nadhani ni watoto. "Cheki wanavyodondoka, dada!" Anacheka, mdomo umejaa chipsi. Halafu akawageukia wenzako. Akawaandikia, kwa jina lako, kwamba ni mgonjwa, hana mtu, wampe vitu vyao vizuri apate nguvu. Yule nesi akampa fimbo yake, ile aliyoitafuta mwaka mzima. Godlisten akaipokea, akamtukana tusi la mama, akacheka tena.

Nilitoka nje nikatema mate mtaroni. Niliporudi nikamwambia aache, aone aibu, yule ni mjomba wake. Hata hakugeuka. "Tulia, dada. Hii ni mali ya urithi. Si uliileta mwenyewe?"

Kweli niliileta mwenyewe. Na nikatulia. Wiki tatu nilitulia, nampa kompyuta, namrudishia chenji, namwambia karibu tena, kwa sababu tajiri wangu amebandika tangazo ukutani kwamba mteja haulizwi. Soko huria hili limenifanya nimkaribishe mtu akutie uchafu mbele ya macho yangu. Usiku nilinawa mikono wakati sijashika kitu.

Kilichonitoa kwenye kiti ni maneno ya yule nesi. Nilikuwa napita na ufagio nikayasoma kwenye skrini. Hakuuliza habari za fimbo. Aliuliza: Mwalimu, tumekukosea nini, mbona siku hizi hutuiti mahudhurio? Godlisten akayafuta bila kujibu.

Jumamosi jioni huwa anakwenda kuangalia mpira. Saa kumi, saa yenu ileile ya kukutana kila Jumamosi, nikakaa kwenye kiti cha tatu. Neno la siri hakulibadilisha, uvivu wake ukanisaidia. Wenzako wote watano walikuwepo, wamesimama mbali nawe, wanakuogopa. Nikaanza kuita. Wa kwanza akakawia, kisha akajibu yupo. Wa pili yupo. Mpaka nesi, yupo. Halafu nikaandika Mwalimu, na mimi mwenyewe nikajibu: hayupo.

Nikawaeleza kwa Kiingereza changu kibovu. Kwamba umekufa tangu mwezi wa mvua. Kwamba aliyewatukana si wewe, na kwamba aliyempa mlango ni mimi. Nikamrudishia nesi fimbo yake. Kisha nesi akaandika shikamoo Mwalimu. Wale wengine, ambao hata maana yake sidhani kama wanaijua, wakaiandika pia. Sikuitikia. Haikuwa yangu.

Nikatoka kwao, nikaenda pale pa kufutia mhusika. Mchezo ukaonya kwamba akifutwa harudi, kama nina uhakika niandike jina lake. Unajua mimi nachapa barua za watu kutwa nzima bila kuangalia vidole. Jina lako nililiandika kwa kidole kimoja, M, R, I, natafuta kila herufi kama siku ile. Nilipofika kwenye G nililia kwa sauti, mteja wa pembeni akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa mambo yamelipuka. Godlisten amenishtaki kwenye ukoo kwamba nimeharibu mali ya marehemu. Nimeitwa kikao Jumamosi ijayo. Mama analia, anasema nimemvua nguo mbele ya watu wa Machame, na tajiri wangu amesema akisikia mzozo dukani kwake nitafute kazi nyingine. Kila mtu ananishauri nikapige magoti, niseme niliteleza, yaishe.

Sikuteleza. Niliteleza siku ile niliyopiga makofi. Hilo nitaliombea radhi kwako, na kwako peke yako. Nisamehe, Mwalimu.

Pumzika sasa. Asubuhi sitamwamkia tena aliyekaa kwenye kiti chako, nimekihamishia nyuma ya kaunta nakikalia mimi, mto wako wa kukalia upo juu yake bado. Na Jumamosi nakuahidi sitachelewa, wala sitajificha nyuma ya mama. Mwenyekiti akiuliza ni nani aliyemfuta Mringaringa, nitanyoosha mkono juu, niseme nipo.

Ni mimi,
Naomi wa kaunta