Mvua ya Tarehe Ishirini

Jumatatu, 9 Februari
Mashineni kusaga. Foleni ndefu, jua kali, nikapata nafasi ya kumsifia binti yangu Bhoke. Chuo kikuu Dar, mwaka wa tatu, anasoma hesabu. Si hesabu hizi za kuuza nyanya. Hesabu za mawingu! Akina mama wakauliza, sasa mvua ya kupandia lini? Nikakumbuka simu yake ya juzi: kwenye kompyuta yake mvua ilinyesha tarehe ishirini. Nikawapa hiyo ishirini. Wakaihesabu kwa vidole. Nimerudi na ndoo ya unga kichwani, nimenyooka kama mke wa mkuu wa wilaya.

Alhamisi, 12 Februari
Mama Chacha, mwenyekiti wa kikundi chetu, amepita. Wamekubaliana: mbegu ya shamba la pamoja haigusi udongo mpaka tarehe kumi na tisa. Kwa ajili ya Bhoke. Mahindi yote ya kikundi kwa neno la mwanangu! Nimeosha vyombo nikiimba.

Jumamosi, 14 Februari
Imenyesha. Nzuri, ya kulowanisha. Kijiji kizima cha Ringwani kiko shambani. Sisi tumekaa. Mama Chacha alipita bila kusimama. "Mama Bhoke, hii ya leo kompyuta haikuiona?" Nimecheka. Kwa meno tu.

Jumanne, 17 Februari
Bhoke amekuja likizo. Amekonda, lakini anang'aa. Majirani wamechungulia na mimi nimewaacha wachungulie.
Nilipomweleza habari ya ishirini akaweka kikombe chini. Kumbe ile mvua ilikuwa ya kujaribia tu, ya humo ndani ya kompyuta. Si ya Ringwani. Na hesabu anayosoma ndiyo hiyo inayoonyesha kwamba wiki mbili kabla, siku ya mvua haijulikani. Nikamwambia, wewe sema ishirini tu, Mungu atasaidia. Amekataa katakata. Eti hawezi kuwadanganya mama zake. Nimekasirika. Nimemsomesha ili aje kusema hajui? Ugali nimempakulia bila kumtazama.

Jumatano, 18 Februari
Kikao kwa Mama Chacha. Nilikaa nyuma, na hiyo si kawaida yangu.
Bhoke akawaamkia wote shikamoo, kisha akasema waziwazi: ile tarehe haikuwa ahadi. Hajui itanyesha lini. Minong'ono. Mmoja akasema kwa sauti, "Masomo yote hayo, anarudi hajui?" Nikatazama vidole vya miguu yangu.
Akaomba simu mbili, za kupiga hesabu. Yangu na ya Mama Chacha. Kanuni moja kwa wote: chukua namba yako, zidisha kwa kilichobaki kufika moja, kisha zidisha kwa nne. Jibu ulilopata, anza nalo upya. Mimi nilianza na nukta tatu. Mama Chacha hiyo hiyo, ila kaongezewa kachembe huko mwisho kabisa. Tukawa tunataja majibu kama mnadani. Mwanzo sawasawa, mapacha. Kisha yakaanza kupishana. Kisha yangu juu kabisa, yake chini kabisa.
"Umebonyeza vibaya wewe!" Mama Chacha akaruka. Tukarudia. Vilevile.
Bhoke akasema hakuna aliyekosea. Mawingu nayo yana kanuni yake, ila hakuna anayeweza kupima joto na upepo wa kila mahali bila kupungukiwa hata unywele. Na unywele wa leo, ukifika wiki mbili, umekuwa mvua au jua. Siku tatu nne mbele, wasikilizeni watu wa hali ya hewa. Zaidi ya hapo, msiweke mbegu yote kwenye siku moja.
 Mama Chacha akakohoa. "Basi tunagawa mafungu matatu."
Jioni tumepanda la kwanza, udongo bado una unyevu. Mwanangu na jembe katikati ya mama zake. Nilimtazama mpaka nikasahau mstari wangu.

Ijumaa, 20 Februari
Jua. Hata kawingu hakuna. Na mahindi yote tungekuwa tumeyafukia jana!
Kisimani wameniuliza, kwa hiyo binti yako hajui? Nikasema: hajui, na anajua kwa nini hajui. Wa kwako anajua hata hilo? Bhoke amenikataza kujibu watu hivyo. Kesho nitajibu tena.

Jumapili, 8 Machi
Bhoke amerudi chuo. Nyumba kubwa ghafla.
Fungu la kwanza, mengine yamekauka, mengine yamesimama. La pili tulilipanda baada ya mvua ya wiki iliyopita, limeota lote, kijani. La tatu bado liko kwenye gunia.
Jioni wingu zito limejikusanya upande wa bwawa la Manchira. Mama Chacha akasimama mlangoni kwangu, akaniuliza kama litatufikia.
Nimesema sijui. Nimelisema kwa raha, kama mama wa msomi.