Kinara Kiko Hapa

Bombo, Jumapili, 7 Julai. Asubuhi ukungu mzito, migomba ya nyuma ya jiko haionekani. Manyunyu hadi saa nne.

Mama,

Leo Elia alitaka kuuza kinara chako.

Amepanda jana kutoka Same. Anasema karibu na stesheni kuna mtu ananunua vyuma. "Dada, shaba siku hizi inakwenda kwa kilo. Na Mama mwenyewe hakuwahi kukiwekea mshumaa."

Ni kweli. Ulipewa na mke wa msimamizi kule kwenye shamba la mkonge, Makanya, ulipokuwa msichana wa kazi nyumbani kwake. Ukaolewa nacho, ukapanda nacho huku mlimani, na mishumaa ikaadimika hata kanisani. Basi ukakitumia kutwangia tangawizi. Upepo ukivuma kilizuia mlango. Jioni ulikiwekea koroboi juu, mimi nikasoma, na nikikosea ulinisahihisha kutoka mekoni bila kugeuka: "Kitabu kiko, si yuko. Kina miguu?"

Sasa mishumaa imejaa dukani. Sukari nayo ipo wazi, kwenye magunia. Siku ya msiba wako watu walikunywa chai tamu na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Mimi chai hiyo ilinishinda kunywa.

Elia akakitia kwenye kiroba, nami nikamwacha. Kile kinara sikukipenda, Mama, unajua kwa nini. Ile siku ya msako, mgambo walisimama uani wakafoka, "Kinara wa magendo yuko wapi?" Ukaingia ndani, ukatoka umekishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka. "Kinara? Kiko hapa, baba. Chukueni."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakaondoka, hawakupekua hata jiko. Lakini habari ilifika gulioni kabla yako. Ukawa Mama Kinara, mwanamke wa mlimani asiyejua Kiswahili. Watoto walikufuata ukiwa na kikapu chako, wakiimba, "Kiko hapa, baba!" Wewe ulitabasamu tu, ukaendelea kupanga tangawizi zako.

Baba hajasema neno la maana tangu tulipokuzika. Leo akanyoosha mkono, akakishika kiroba cha Elia.

"Mama yenu hakukosea."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati.

"Sukari ya magendo kutoka Taveta ilikuwa chini ya kitanda cha bibi yenu. Kinara nilikuwa mimi."

Yuko wapi, walisema. Wewe ukajibu kiko. Wewe, uliyekulia kwenye mkonge katikati ya watu wa kila kabila, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana ila Kiswahili. Wewe uliyenifundisha tofauti ya hayo maneno mawili kabla ya mwalimu yeyote. Na mimi niliyemaliza sekondari sikuwahi hata siku moja...

Baba anasema alitaka kuwaeleza watu msako ulipopoa, ukamkataza. "Waache wacheke. Kicheko hakimpeleki mtu jela." Kisha mambo yakabadilika, sukari ikarudi, hakuna aliyekamatwa tena kwa ajili ya kilo mbili, na bado hukusema. Ulikuwa umeshazoea? Au ulimwonea Baba haya? Ningekuuliza. Ningekuuliza leo hii, mekoni, ukiwa umenipa mgongo.

Elia alikitoa mwenyewe kwenye kiroba. Akakifuta kwa shati lake, akakirudisha nyuma ya mlango.

Jioni nimenunua mshumaa. Ni mwembamba kuliko tundu lake, nimeuzungushia karatasi na bado umesimama upande. Baba amekaa akiutazama mpaka alipokwenda kulala.

Pumzika, Mama. Kinara hakitoki humu ndani nikiwa hai. Na Jumatano nashuka gulioni na tangawizi zako. Wakiniita mtoto wa Mama Kinara, safari hii nitaitika.

Nimeuzima mshumaa saa nne na nusu. Nalala.

Nakundwa