Kibwana Alifagia Siku Roketi Iliporuka

Hopkins, Minnesota

Mdogo wangu Tatu,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu najua ukiiona barua hii utaniamkia hapohapo ulipokaa, na shikamoo ya mdogo haifai kukaa bila jibu. Goti lako linaendeleaje? Shemeji ameacha kukohoa? Na lile paa la nyumba ya mama, masika yameliacha salama au mmehamia jikoni? Mimi nipo na nina nguvu. Wazee wa rika langu hapa wanatembea na vigari vya kushikilia. Mimi napanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na mfuko wa mchele begani, na binti yangu Zuhura akitaka kunipokea namkatalia.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na habari hii nataka uipate wewe kwanza. Nimeiandika kwa mkono wangu, siku nne. Macho yakikusumbua isome juani, lakini usimpe mtu akusomee.

Nimemlipiza Kibwana.

Utakumbuka msiba wa marehemu wifi yako. Tulimzika asubuhi, ardhi imeganda, wakachimba kwa mashine, tukarudi hapa kwa Zuhura kukaa matanga. Kibwana ni yule Mzaramo niliyekueleza, mwalimu mkuu mstaafu, anakaa Maple Grove kwa mwanawe kwenye nyumba yenye gereji mbili, na hajawahi kukaa na mtu nusu saa bila kuzitaja hizo gereji. Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani, kwa hiyo msibani ana haki yake ya kuchekesha wafiwa. Sikatai. Angelala mlangoni akazuia watu wasipite, ningecheka. Angedai apewe sinia zima la pilau peke yake, ningecheka. Yeye alivaa koti langu, akachukua ufagio wa Zuhura, akaanza kufagia sebule huku akipiga honi kwa mdomo. Watu wakamwuliza, wewe nani? Akasema, "Mimi ndiye Maganga, dereva wa treni wa Tabora. Marehemu mwenyewe aliniambia treni yangu ilikuwa hii. Nilikuwa nafagia mabehewa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjukuu wangu Rehema, aliyekuwa hajanyamaza kulia tangu jana yake, alicheka akashika ukuta.

Mtani hakasirikiwi, unajua. Ukikasirika umeshindwa. Nikacheka na mimi. Lakini lile la "marehemu mwenyewe aliniambia" halikunitoka moyoni. Miaka arobaini na nane nimeishi na yule mwanamke. Kweli alikaa na Mzaramo akinicheka kuwa nilikuwa mfagizi? Nitamwuliza nani? Wewe peke yako ndiye uliyebaki unayejua kwamba sikuwahi kuendesha treni. Nilikuwa mtia moto wa injini, kulisha tanuri la treni ya mvuke, udereva niliwaambia watoto, nao wakawaambia watoto wao, na marehemu alininyamazia. Lakini kufagia, Tatu, kufagia sikufagia hata siku moja. Miezi saba nilikula na neno hilo. Kibwana akija kunisalimu namkaribisha, namwekea chai, namwangalia mdomo wake tu.

Sasa sikia la roketi.

Rehema anasoma uhandisi chuo kikuu. Wakaambiwa huko kwamba roketi kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa itarushwa kusini, pwani, haina mtu ndani, wanaijaribu. Nikamwuliza ukubwa wake. Akasema, Babu, chukua mabehewa sita ya abiria, yasimamishe wima moja juu ya jingine, hapo ndipo utafika kichwani. Nikamwambia anadanganya. Akanionyesha kwenye simu, watu chini yake kama sisimizi. Basi Zuhura, kwa kuwa hakuwa na zamu kule ghalani Shakopee, akapika, akaalika watu waje tuangalie kwenye televisheni yake, ambayo inajaza ukuta.

Kibwana alikuja mapema akachukua kiti cha mbele kabisa. Akaanza kufundisha. Hii ni nini, ile ni nini, ile nyeupe inayotoka ubavuni ni gesi iliyopozwa sana. Watoto wanamsikiliza midomo wazi. Rehema mwenyewe, anayeisomea, anaitikia kwa kichwa. Nikaona huyu mtu anafundisha habari za moto ndani ya nyumba ya binti yangu, na mimi nimekaa nyuma kama mgeni.

Nikasema, "Hilo dude haliondoki leo."

Kibwana hakugeuka. "Maganga, wewe unajua nini?"

"Najua moto."

"Moto wa kufukuzia nyuki. Mnyamwezi huyo, ameona moshi, anadhani wanarina asali."

Wakacheka. Nikamwambia, "Na wewe Mzaramo ukisikia ngoma unauza shamba. Tuwekeane ahadi. Likiondoka leo, nakuja Maple Grove nafagia gereji zako zote mbili. Lisipoondoka, nitakuomba jambo moja, na huna ruhusa ya kukataa."

Akanipa mkono mbele ya watu wote. Nikaubana mpaka akaung'oa.

Wewe nitakwambia ukweli, maana ni mdogo wangu. Sikuona kitu chochote kwenye ile roketi. Nilitaka kumpinga tu. Ila kazi ile iliniachia somo moja: siku wakubwa wanakuja Tabora kuangalia, wamevaa suti, bendi imepangwa, siku hiyo injini haiondoki kwa wakati. Wiki nzima imekwenda vizuri, siku ya wageni inagoma. Sijui kwa nini. Nikafikiri, dunia nzima inaliangalia dude hili, litaachaje kugoma?

Wakaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kibwana anahesabu nao kwa sauti ya darasani. Zimebaki kama sekunde arobaini, namba zikasimama. Tukangoja. Mtangazaji akaongea, Rehema akatafsiri polepole kama mtu anayetoa habari ya msiba: kuna vali moja imekataa kufunga, wameahirisha, watajaribu tena baada ya siku tatu.

Wote waligeuka nyuma kuniangalia mimi. Mtoto mmoja wa jirani akamwuliza mama yake huyu babu amejuaje. Mimi nikaendelea kula tende.

Kibwana akasema, "Haya, omba."

"Sina haraka. Nitaomba siku litakaporuka."

Tatu, zile siku tatu zilikuwa tamu kuliko adhabu yenyewe. Siku ya kwanza alipiga simu akitania. Siku ya pili alimpigia Zuhura amdokeze baba anataka nini. Siku ya tatu alikuja na gari la mwanawe, akasema twende akaninunulie nyama choma. Nikamwambia nasubiri roketi. Nilimwona ameingiwa na woga, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ilipofika sebule haikutosha, wengine walisimama jikoni. Safari hii hakuna aliyemwuliza Kibwana kitu. Waliniuliza mimi. Nikasema, "Leo litakwenda," kwa sababu nilihitaji liende.

Likaenda. Nataka nikueleze lakini sina maneno ya kutosha. Kwanza ulitoka moto chini, na sauti haipo, kama ndoto. Dude halisogei. Moto unajaa, mvuke unafunika uwanja, dude limesimama palepale, nikaanza kusema moyoni ongeza, ongeza, na mkono wangu huu wa kulia ulikuwa unasogea wenyewe juu ya goti. Ndipo likajing'oa. Taratibu, Tatu, kama ng'ombe mzito anayeinuka. Sauti ikafika, glasi za Zuhura zikagongana kabatini, na hiyo ni sauti ya televisheni tu. Likapanda, mkia wake wa moto mrefu kuliko lenyewe, likapanda, likawa nyota mchana kweupe, likapotea. Nilikuwa nimesimama na sikumbuki niliinuka saa ngapi. Uso wangu ulikuwa na joto kama zamani mlango wa tanuri ukifunguliwa.

Watu walipiga makofi. Nikangoja wamalize.

Nikasema, "Zuhura, lete ufagio. Na koti langu."

Zuhura akasema, "Baba, tafadhali." Nikamwambia alete.

Nikamwambia Kibwana, "Jambo lenyewe ndilo hili. Ule mchezo wa matanga urudie, mbele ya hawahawa. Ufagie chumba chote, na useme marehemu alikwambia nini kuhusu kazi yangu. Ila safari hii useme kweli tupu."

Nilidhani atatania. Alivaa koti, akafagia. Mwalimu mkuu mzima, amevaa tai, anafagia maganda ya karanga kati ya miguu ya watoto, na sikumhurumia. Akafika katikati ya chumba akasimama.

Akasema, "Hakuniambia kufagia. Hilo niliongeza mimi. Aliniambia Maganga alikuwa mtia moto, alikuwa anarudi alfajiri nyusi zimeungua, naye anampaka mafuta ya nyonyo kwa unyoya wa kuku, huku amejikaza asicheke, maana alijua mumewe atachukia. Niliona nyusi hazitachekesha watu wa msibani."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari ya ule unyoya, hata wewe. Kwa hiyo nilijua ni maneno yake marehemu. Hakunicheka. Lakini sebule nzima ilikuwa imesikia pia kwamba sikuwa dereva. Nililiita neno moja, likaja na la pili mgongoni.

Rehema akasema, "So, Babu, hukuwa driver?"

Nikamwuliza, "Lile lililopaa sasa hivi, dereva wake anaitwa nani?"

Akafikiri. "Halina, Babu."

"Limepandishwa na nini?"

"Moto."

"Basi," nikamwambia, "mimi nilikuwa huo."

Hakucheka. Alinipangusa jasho la uso kwa mtandio wake.

Kibwana akadhani imekwisha, akaegemeza ufagio ukutani. Nikamwambia chini ya kochi bado. Akapiga magoti, yakalia. Akasema, "Mnyamwezi, una roho mbaya." Nikamwambia na nyuma ya televisheni.

Sijamalizana naye. Namwomba Mungu anibakize mpaka matanga yake, nami nikachukue haki yangu ya utani kwenye zile gereji mbele ya wanawe wote. Nitakayofanya nimeshayapanga, na kila Ijumaa nayapitia yasinitoke. Yeye anajua. Juzi ameniletea kofia nzuri ya sufu akidhani nitapunguza. Kofia nimevaa, sipunguzi.

Na wewe, watu wakikuuliza huko kazi aliyofanya kaka yako, lile neno la udereva uliache. Sema alikuwa mtia moto, na usiseme kwa sauti ndogo.

Nisalimie shemeji, na mjomba anayeshinda msikitini, na yule mke wa marehemu kaka yetu mwenye kuuza vitumbua, na mpwa wangu fundi baiskeli mwambie picha ya roketi nitampa mtu amletee. Kaburi la mama mling'olee majani kabla ya vuli.

Ni mimi kaka yako mkubwa, mwenye nyusi zake zote,
Maganga