Kwa Mama Tulizo, Kutoka Nzuguni

Nzuguni, Dodoma
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango. Barua hii isome peke yako. Usimpe Baba Mdogo akusomee, wala usimsimulie shangazi mkiwa jikoni. Ukimaliza itie motoni, isipokuwa karatasi ya mwisho. Hiyo ikunje uifunge kwenye pindo la kanga, utaona kwa nini.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani huwekwa sauti ya juu na kila aliyepo anasikia, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Ndiyo maana nimempa barua yule mwalimu wetu aliyekuja huku kwenye semina. Hajui kilichomo.

Shikamoo, Mama. Mguu unaendeleaje na baridi ya huko? Viazi vya bondeni mlishavitoa? Na Tulizo hajambo? Yuko wapi sasa hivi unaposoma? Kama kuna wageni sebuleni, najua yuko wapi.

Mimi mwili hauna neno. Upepo wa vumbi umeanza, kila kitu ukigusa ni mchanga, hata karatasi hii. Ila situlii. Tangu nitoke ibadani nimekaa hapa kuandika, na nimeshainuka mara nne kwenda kuangalia kama komeo la geti limeingia. Kesho asubuhi natakiwa kupeleka maelezo ya maandishi kwa bosi, na huenda kesho hiyohiyo nisiwe na kazi. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Nianze mwanzo. Unajua niko masijala ya halmashauri, chumba cha majalada. Barua zikiingia ofisini, mimi na Bi Halima ndio tunaziandikisha, tunazipeleka kwa wakubwa, na zikirudi tunaziweka mahali pake. Tumeapa kutunza siri. Sijawahi kutania na kiapo hicho, Mama, hata chumbani kwangu sitaji jina la mtu.

Mwaka jana tarishi wetu alikuwa likizo nikatumwa kupeleka barua kwa kikundi cha wazazi hapa Nzuguni. Wanakutana kila Jumamosi kwenye darasa la chekechea. Nilitaka wasaini daftari niondoke. Akaja binti wa miaka kama kumi na minne, akaushika mkono wangu, akaweka paji la uso juu yake. Vilevile kabisa anavyofanya Tulizo. Uso wake, macho yake, vidole vyake vifupi. Nilitoka nikasimama nyuma ya tangi la maji.

Mama yake alinifuata. Anaitwa Mama Pendo, Mgogo wa Mvumi, mwenyekiti wao, mwanamke wa kucheka. Akaniuliza nyumbani kwetu yuko nani. Nikamjibu hakuna, sisi kwetu nimezaliwa peke yangu.

“Haya,” akasema. “Wewe uliyezaliwa peke yako, Jumamosi tunakunywa uji saa nne. Usichelewe, Pendo hapendi wachelewaji.”

Nilikwenda. Nikarudi tena. Daktari mmoja alikuja akaeleza kwamba hali yao inaitwa Down syndrome, kwamba mtu huzaliwa nayo, hailetwi na uchawi wala na kosa la mama. Nakuandikia tena: wala na kosa la mama. Akasema wengi wao huzaliwa na tatizo la moyo, na mtu wa namna hiyo akichoka upesi apelekwe apimwe. Nikamkumbuka Tulizo anavyokaa chini katikati ya kilima, midomo imebadilika rangi, na sisi tukimcheka kuwa ni mvivu. Mimi ndiye nilikuwa nacheka zaidi.

Kuna desturi moja pale kikundini iliyonisumbua kuliko yote. Hawaitani kwa mtoto wa kwanza kama watu wengine. Mama Pendo mtoto wake wa kwanza ni mwanajeshi, na mtaani aliitwa kwa jina lake miaka mingi. Kikundini kila mzazi anaitwa kwa yule mtoto aliyekuwa akifichwa. Nilipolielewa hilo sikulala vizuri wiki nzima. Kwa sababu kwetu, Mama, Tulizo ndiye wa kwanza. Miaka mitatu alikuwepo kabla yangu. Lakini kijiji kizima kinakuita Mama Meshaki. Hilo jina nililipokea kama langu, na halikuwa langu.

Jumamosi iliyofuata nikawaambia. Nilisema nina dada. Mama Pendo hakushangaa hata kidogo. Aliuliza jina tu, kisha akawageukia wenzake: “Tumempata. Huyu ni mdogo wake Tulizo.” Tangu hapo ndivyo ninavyoitwa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ofisini iliingia barua ya mwanamke wa hapahapa Nzuguni. Amejifungua mtoto wa kike, ana mwezi mmoja, daktari amemwambia ana hali hii. Hakuomba kitu. Aliuliza tu kama kuna mama mwingine mwenye mtoto kama wake anayeweza kuongea naye, akaeleza na njia ya kufika kwake. Barua ilikwenda kwa mkubwa, ikarudi na neno moja pembeni: hifadhi. Maana yake niiweke jaladani, mambo yameisha. Nikaiweka. Wiki tatu nilipita mbele ya rafu ile. Siku moja Bi Halima alipotoka kwenda kuswali adhuhuri nikalitoa jalada, nikanakili jina na njia, nikampa Mama Pendo. Kwenye daftari la majalada wa mwisho kulitoa alikuwa ameandikwa Bi Halima; mimi sikujiandika, wala sikufikiri kama hilo lina uzito.

Kikundi kina kawaida yake. Mzazi wa namna hii watu wengine humwendea na pole, wanakaa kimya kama msibani, wanaondoka. Wao huenda kumpa hongera, kama mzazi yeyote. Hubeba unga wa uji, sabuni na kanga mpya, na huingia wakiimba. Waliingia hivyo. Hawakujua kwamba mama mkwe yumo ndani, amefika juzi yake kutoka Bahi, na mwanawe amemwambia mtoto anafunikwa uso kwa sababu ya vumbi. Mimi sikujua kwamba huyo mwanawe ni Bwana Lukasi wa usafirishaji, tunayekula naye chakula cha mchana. Mkewe aliandika barua bila yeye kujua, akakiri wageni walipoondoka.

Jumatatu alikuja masijala. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniogopesha. Alisema, “Mama yangu amejua habari za mwanangu kwa wimbo wa watu nisiowajua. Mmoja wenu hapa amewapa.” Akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yalikuwa yamevimba, Mama. Nilimwonea huruma, maana nilijiona mimi. Miaka yote nimesema nimezaliwa peke yangu.

Bosi akataka mimi na Bi Halima tuandike maelezo, kila mtu ya kwake. Daftari la majalada lilipofunguliwa, mtu wa mwisho kulitoa lile ameandikwa Bi Halima. Amebakiza miezi michache astaafu. Aliketi akapangusa miwani yake mara nyingi, akaniambia taratibu, “Mwanangu, mimi uzee umenifika. Sikumbuki kulitoa. Labda nililitoa.” Nilimwacha ajitilie shaka siku tano nzima.

Jana nilikwenda kikundini nikiwa nimeamua kuwaaga. Nikamkuta yule mama mzazi amekuja. Nyuma yake yuko mama mkwe, na mtoto yuko mgongoni kwa mama mkwe, uso wazi. Mama Pendo akawapokea kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi, karibuni, akataka kumshika mtoto. Bibi akakataa, akasema kwanza aelezwe nani alipeleka habari nyumbani kwake. Watu wakaendelea kukoroga uji. Hakuna aliyenitazama hata kwa bahati mbaya, na wote wanajua.

“Sawa, fungeni midomo,” bibi akasema. “Ila mwambieni huyo mtu kwamba mwanangu anamtafuta amwadhibu, na mimi namtafuta nimshukuru. Miezi miwili mjukuu wangu amefunikwa shuka kama maiti. Tutaona nani atamfikia kwanza.”

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nikajifanya naupuliza.

Usidhani najiona sina hatia. Karatasi ile haikuwa yangu kuitoa. Ningeweza kwenda kwa bosi nikaomba tumjibu yule mama, na sikuthubutu. Nilichagua njia ya mwoga, na sasa inamwangukia mtu mwingine. Najua pia ni ajabu kwamba mimi niliyetoa siri ya watu nakuomba wewe utunze yangu.

Maelezo yangu nimeyaandika mara tatu. Ya kwanza yalisema sijui. Ya pili yalisema sikumbuki. Ya tatu ni mafupi: nilitoa jalada mimi, Bi Halima hakujua, na nilifanya hivyo kwa sababu nina dada mwenye hali hiyo ambaye tumemficha miaka ishirini na tisa. Hayo ndiyo nitakayopeleka. Yamo kwenye mfuko wa shati, na kila baada ya muda nayashika kuona kama yapo.

Kwa hiyo jambo la Tulizo litajulikana huku kesho. Naomba unisamehe, sikukuuliza kwanza. Lakini sitaki ulifiche tena kwa ajili yangu. Nitabaki kazini au nitaondoka, nataka umlete. Daktari yule huja kikundini kila mwezi, ameahidi kumpima moyo. Baba Mdogo mwambie unakuja kunitazama mimi, mgonjwa. Si uongo sana.

Nisalimie bibi, na mwambie kikoi chake bado nakivaa. Shangazi msalimie, pamoja na baba mchungaji na mwalimu wa kwaya. Baba Mdogo mpe shikamoo yangu, bila maneno mengine. Tulizo mshike mkono, uweke paji la uso wako juu yake, atajua imetoka kwa nani.

Mimi mwanao nisiyetulia,
Meshaki

(Karatasi hii ndiyo ya kutunza.)

Usipige namba ya ofisini. Panda basi la Ijumaa ili mlale Iringa, Tulizo asichoke. Akae dirishani, na kofia yake usimvalishe mpaka usoni. Mkishuka stendi kuu ya Dodoma Jumamosi, msinisubiri pale. Chukueni bajaji, semeni Nzuguni, chekechea yenye geti la kijani, karibu na mashine ya kusaga. Tunakuwepo kuanzia saa nne. Getini usimwulizie Meshaki, hawatakuelewa. Mwulizie mdogo wake Tulizo.

Na wakikuuliza wewe ni nani, waambie Mama Tulizo. Jina hilo wanalo tayari, watafungua.